Mpimeni kwa Kiha pia

Mgonjwa wa kiharusi anapofikishwa hospitali mkoani Kigoma, huulizwa jina lake, leo ni siku gani na yuko wapi, na huulizwa kwa Kiswahili. Asipojibu, au akitoa maneno yasiyoshikana, huandikwa kwamba hasemi. Msimamo wangu ni kwamba hapo amepimwa nusu. Mama aliyezaliwa kijijini Kasulu, akalelewa kwa Kiha, akaolewa Ujiji, akauza mawese kwa Kiswahili miaka thelathini na kuokota Kibembe cha kutosha kupatana bei na watu wa ng'ambo ya ziwa, hana lugha moja ya kupimwa. Kimya chake katika Kiswahili hakituambii jambo la uhakika kuhusu Kiha chake. Na Kiswahili chake kikibaki kizima, hatuna ruhusa ya kudhani kwamba Kiha nacho kimesalimika. Apimwe kwa zote na atibiwe kwa zote. Sababu ninazozitoa hapa zinatoka kwenye ubongo wenyewe, jinsi unavyozibeba lugha na jinsi unavyoumia.

Mwambao huu haukuwa wa lugha moja tangu zamani. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, mji ulikwisha kuwa kituo cha misafara ya pembe na watumwa, na Kiswahili kilisikika humo pamoja na lugha za Wajiji, Wamanyema na wengine wa pande zote za ziwa. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 ikaongeza watu wa Tabora na wa pwani. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, ilipokea Wakongo wenye Kibembe na Kiswahili chao, na kuanzia 2015 ikapokea Warundi kwa maelfu. Kiha chenyewe ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, kiasi kwamba Muha na Mrundi huelewana bila mkalimani. Huku kwetu mwenye lugha moja tu ndiye wa kutafutwa. Elimu ya ubongo na usemi, kwa upande wake, ilianzia Ulaya na mgonjwa wa Paul Broca mjini Paris mwaka 1861 na maandishi ya Carl Wernicke ya mwaka 1874, na kwa miongo mingi ilimtazama mgonjwa kana kwamba kila binadamu ana lugha moja kichwani. Tumerithi vipimo vyao pamoja na dhana hiyo.

Ugonjwa ninaouzungumzia huitwa afasia. Ni kuharibika kwa uwezo wa lugha kutokana na jeraha la ubongo, iwe ni kutoa maneno, kuyaelewa, kuyasoma au kuyaandika. Humpata takriban mtu mmoja kati ya watatu wanaopigwa na kiharusi. Mara nyingi jeraha huwa nusu ya kushoto ya ubongo, ndiyo maana huambatana na kupooza mkono na mguu wa kulia. Afasia ni tofauti na ulimi mzito, ambapo maneno yapo ila misuli ya kinywa haitii. Ni tofauti pia na kuchanganyikiwa akili. Mwenye afasia anaweza kumjua mwanawe, kukumbuka nani anadaiwa nini, na kutambua kwamba watu wanamzungumza mbele yake kana kwamba hayupo. Wala tusidhani ni balaa la watu wachache. Utafiti uliofanyika nchini kati ya 2003 na 2006 ulikuta visa vipya vya kiharusi karibu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na karibu 316 jijini Dar es Salaam, tofauti za umri zikiwa zimesawazishwa. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilizidi cha nchi nyingi tajiri.

Sasa tuingie ndani. Watu wengi, wakiwemo wasomi, huamini kwamba kila lugha ina chumba chake kichwani, hivyo kiharusi kikibomoa chumba cha Kiswahili, cha Kiha kitakuwa salama. Katika miaka ya 1970 hata wapo watafiti waliopendekeza kwamba lugha ya pili hukaa zaidi nusu ya kulia ya ubongo. Ushahidi uliofuata haukuwaunga mkono. Picha za ubongo zinaonyesha kwamba lugha za mtu mmoja hutumia kwa sehemu kubwa maeneo yaleyale ya kushoto, mbele na pembeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 na kundi la New York ulikuta kwamba waliojifunza lugha ya pili ukubwani walikuwa na utengano kidogo katika eneo la mbele, na waliokua na lugha zote mbili hawakuwa nao. Mwaka uliofuata watafiti wa Italia wakaonyesha kwamba umahiri una uzito kuliko umri wa kujifunza: anayeimudu lugha ya pili vizuri huichakata karibu mahali palepale pa ile ya kwanza. Mtoto wa Kasingirima aliyecheza kwa Kiswahili na kukemewa na bibi yake kwa Kiha ana mtandao mmoja unaobeba lugha mbili.

Kwa hiyo tungetarajia lugha zote ziumie pamoja na kurudi pamoja, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Michel Paradis wa Montreal alikusanya visa 132 vya wagonjwa wa lugha zaidi ya moja vilivyokwisha kuchapishwa, akatoa hesabu yake mwaka 2001. Katika asilimia 61 lugha zilirudi sambamba, kila moja kwa kadiri ilivyokuwa kabla ya ugonjwa. Katika asilimia 18 lugha moja ilirudi vizuri kuliko nyingine. Asilimia 9 walizichanganya bila kuweza kuzitenganisha, asilimia 7 walibaki na lugha moja huku nyingine ikikosekana kabisa, na asilimia 5 lugha moja haikuanza kujitokeza mpaka nyingine iliporudi. Madaktari hupenda kuchapisha visa vya ajabu kuliko vya kawaida, kwa hiyo naamini wanaorudi sambamba ni wengi kuliko takwimu hizo zinavyoonyesha. Lakini mgonjwa aliyelala mbele yako hana alama usoni ya kukuonyesha yumo kundi gani. Utajua kwa kumpima tu.

Je, mtandao ukiwa mmoja, lugha moja inawezaje kupotea na nyingine ikabaki? Jibu liko katika kazi ambayo ubongo wa mwenye lugha mbili huifanya kutwa nzima bila mwenyewe kujua. Ukitaka kusema, lugha zako zote huamka. Ili useme moja, lazima nyingine zizuiwe. Fikiria mitumbwi miwili iliyojaa mzigo inayotaka kutia nanga Kibirizi mahali pamoja. Yote mizima na yote ina shehena, na mmoja utapita tu iwapo kuna mtu wa kuuamuru mwingine usubiri. Kazi hiyo ya kuamuru, kwa mujibu wa Jubin Abutalebi na David Green walioieleza kwa kina mwaka 2007, hufanywa na mzunguko unaounganisha gamba la mbele la ubongo, eneo la singulati lililo katikati, sehemu za pembeni juu, na kiini cha ndani kiitwacho kaudati. Jeraha likiupata mzunguko huu, lugha inaweza kuwa nzima na isifikike. Au zote zikafunguka kwa pamoja na mgonjwa akaruka kutoka moja hadi nyingine bila kujizuia.

Visa vinavyothibitisha haya vinajulikana. Mjini Rabat, Morocco, mtawa mmoja aliyejua Kifaransa na Kiarabu aliumia kichwa katika ajali, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1982. Kulikuwa na siku alizoweza kuzungumza Kiarabu na Kifaransa kikamkatalia, kisha hali ikageuka. La kushangaza zaidi, aliweza kutafsiri kuingia katika lugha ambayo siku hiyohiyo alishindwa kuizungumza mwenyewe. Lugha iliyoonekana imekufa ilikuwepo, ila mlango wake ulikuwa umefungwa. Kaskazini mwa Italia kulikuwa na mgonjwa aliyejua Kifriuli na Kiitaliano, mwenye jeraha la mbele, ambaye alirukaruka kati ya lugha hizo huku akijua kabisa kwamba anayezungumza naye haelewi mojawapo, akiomba radhi na bado akishindwa kujizuia.

Kisa ninachotaka kila muuguzi wa Kigoma akijue ni cha Verona, kilichoandikwa na Aglioti na Fabbro mwaka 1993. Mama mzee aliyezungumza Kiverona, lugha ya nyumbani kwake, maisha yake yote, na Kiitaliano sanifu mara chache sana, alipata kiharusi upande wa kushoto katika viini vya ndani. Alipoanza kusema tena, alisema Kiitaliano. Kiverona hakikumtoka kinywani, na familia yake ikabaki inaongea na mtu aliyegeuka kama mgeni. Badilisha majina: Kiverona kiwe Kiha, Kiitaliano kiwe Kiswahili. Mgonjwa kama huyo akiletwa wodini kwetu atajibu maswali ya Kiswahili, ataandikwa kwamba lugha yake ni nzuri, ataruhusiwa kurudi Buhigwe au Kibondo, na huko ataishi na watu ambao hawezi kuwajibu kwa lugha ya nyumbani.

Kisa hicho kinavunja sheria mbili kongwe kwa pamoja. Théodule Ribot, mwanasaikolojia wa Ufaransa, mwaka 1881 aliona kwamba cha zamani hudumu, na wafuasi wake wakasema lugha ya kwanza hurudi mapema. Albert Pitres wa Bordeaux akajibu mwaka 1895 kwamba inayorudi ni ile iliyotumika zaidi kabla ya ugonjwa. Kwa mama wa Verona lugha ya kwanza ndiyo ilikuwa pia inayotumika zaidi, na ndiyo iliyokosekana. Maelezo ninayoyakubali zaidi ni yale yanayotofautisha aina mbili za kumbukumbu. Lugha tuliyonyonya utotoni huendeshwa kama mazoea, kama mikono inavyosuka wavu bila kufikiri, na mazoea hutegemea sana viini vya ndani vya ubongo. Lugha tuliyofundishwa darasani huegemea zaidi kumbukumbu ya mambo tunayoyajua kwa kuyakumbuka, ambayo ina makao mengine. Kiharusi cha ndani kinaweza basi kuigonga lugha ya mama kwa nguvu zaidi. Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni huanza upande wa pili, na huenda ndiyo sababu baadhi ya wazee wenye maradhi hayo huacha Kiswahili cha shule wakarudia Kiha cha utotoni.

Jambo hili la viini vya ndani linatuhusu kwa sababu ya presha. Shinikizo la damu lisilotibiwa huiharibu mishipa midogo inayoingia ndani ya ubongo kulisha viini hivyo, na damu inayovuja kwa sababu ya presha hupenda kumwagikia hapohapo. Palipo na presha nyingi isiyodhibitiwa, tutarajie majeraha ya ndani, na tutarajie matatizo ya kuamuru lugha yanayofanana na lugha kupotea. Dawa za presha za kila siku, zikimezwa hata siku mtu anapojisikia mzima, ni tiba ya lugha kabla ya ugonjwa.

Kigoma ina ugumu wake pia. Kiha na Kiswahili zote ni lugha za Kibantu, zenye ngeli, viambishi na maneno mengi ya asili moja. Undugu huo una faida, nitaifikia, lakini unaficha mchanganyiko. Mgonjwa akipachika kiambishi cha Kiha kwenye shina la Kiswahili, msikilizaji asiyejua Kiha husikia neno lisilo na maana na kuliita upuuzi, wakati anayejua lugha zote mbili angesikia sentensi iliyokamilika. Kisha Kiha ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Kiswahili hakina hilo. Tafiti za Jackson Gandour kwa wasemaji wa Kithai zilionyesha kwamba jeraha la kushoto linaweza kuharibu toni zinazobeba maana. Inawezekana basi mgonjwa akatamka neno la Kiha kwa herufi sahihi na toni iliyovunjika, na mtu wa kuligundua hilo ni nduguye, si daktari kutoka mkoa mwingine. Na Mkongo akisema "batu" au "bintu", ajue mpimaji kwamba hivyo ndivyo Kiswahili chao kinavyokwenda kule kwao. Akihesabiwa makosa ya ngeli, tumempa ugonjwa asiokuwa nao.

Watu wa familia wana maelezo yao, na sitayapuuza kwa sababu ndiyo yanayoamua mgonjwa anapelekwa wapi kwanza. Mzee akianza ghafla kuongea Kirundi alichokiacha ujanani, au kuruka lugha tatu ndani ya sentensi moja, wapo watakaosema amepandwa na pepo anayezungumza kupitia kinywa chake. Naelewa dhana hiyo inatoka wapi. Anayeisema ameona kitu cha kweli na cha kutisha. Lakini lugha anayoitoa mgonjwa wa kiharusi ni lugha aliyowahi kujifunza, hata kama watoto wake hawakumsikia akiitumia. Mlango uliokuwa umefungwa miaka mingi umefunguka kwa sababu bawabu ameumia. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika kwa ghafla, ni hospitali saa hiyohiyo. Saa za mwanzo ndizo zenye tishu ambayo bado inaweza kuokolewa.

Kuna dhana nyingine, nayo inatoka kwa wataalamu: kwamba mgonjwa mwenye lugha nyingi amezidiwa, basi abakishiwe moja, na hiyo iwe Kiswahili. Ushauri huo ulitolewa Ulaya zamani na bado unasikika. Hauna msingi. Lisa Edmonds na Swathi Kiran mwaka 2006 walionyesha kwa wagonjwa wa Kihispania na Kiingereza kwamba kufundisha majina ya vitu katika lugha iliyo dhaifu zaidi kunaweza kuinua na ile yenye nguvu. Mtandao ni mmoja, na zoezi la upande mmoja hupenyeza upande wa pili. Hapa ndipo undugu wa Kiha na Kiswahili unapokuwa mtaji. Mgonjwa anayekwama kwenye "mtu" anaweza kuanzia "umuntu". Kumkataza kuchanganya ni kumnyang'anya daraja analolivuka.

Wala lugha nyingi si mzigo uliomletea ugonjwa. Mjini Hyderabad, India, Suvarna Alladi na wenzake walichunguza wagonjwa 608 wa kiharusi na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Waliobaki na utambuzi wa kawaida baada ya kiharusi walikuwa asilimia 40.5 ya wenye lugha zaidi ya moja, na asilimia 19.6 ya wenye lugha moja. Upande wa afasia hakukuwa na tofauti. Nasisitiza hilo la mwisho, kwa sababu wapo wanaotangaza kwamba kujua lugha nyingi ni kinga ya kupoteza usemi. Mzoefu wa kubadili lugha anaonekana kupata ahueni ya umakini na mpangilio wa fikra. Lugha zenyewe hubaki hatarini kama za mwingine yeyote.

Niseme pia juu ya dua, maana Ujiji ni mji wa dini. Mgonjwa asiyeweza kuomba maji huweza kusoma Al-Fatiha mpaka mwisho, au kuhesabu moja hadi kumi. Familia hushangilia kwamba Kiarabu kimebaki. Tangu karne ya 19 daktari Mwingereza John Hughlings Jackson alieleza tofauti kati ya maneno yanayojiendesha yenyewe kwa mazoea na maneno tunayoyaunda kusema jambo jipya. Dua na hesabu ni za kundi la kwanza. Hazithibitishi kwamba lugha imerudi, lakini nisingezidharau hata siku moja. Ni sauti yake, zinampa moyo, na mtu anaweza kusimamishwa katikati ya hesabu atoe neno linalofuata kwa hiari yake.

Wataalamu wa tiba ya lugha na usemi ni wachache mno nchini, na wengi wa wagonjwa wa mwambao huu hawatawaona. Kwa hiyo napendekeza yanayowezekana kwa waliopo. Faili la kila mgonjwa wa kiharusi liwe na mstari wa lugha: zipi, alijifunza lini, anazitumia na nani na kwa kazi gani. Habari hii itoke kwa mke, mume au mtoto, siku ya kwanza. Vitu kumi vya nyumbani, kama sufuria, kisu, ndoo, dagaa, vitajwe na kutambuliwa kwa kila lugha, lakini siku tofauti ili jibu la jana lisiwe msaada wa leo. Wauguzi wanaojua Kiha wapo katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni na katika vituo vya wilaya. Utaratibu ndio unaowafanya wamsemeshe mgonjwa Kiswahili tu. Wapewe ruhusa ya kuanza na salamu ya Kiha, "mwakeye". Ndugu mmoja arekodi kwa simu dakika chache za mazungumzo kwa kila lugha kila wiki, maana miezi ya mwanzo ndiyo yenye mabadiliko makubwa. Na lugha ya mazoezi ichaguliwe kwa kuangalia mgonjwa anarudi wapi. Mvuvi wa Katonga na mjukuu wa Heru Juu hawarudi mahali pamoja.

Vikao vya ukoo navyo vichukue tahadhari. Mzee mwenye shamba au nyumba akishindwa kujibu swali moja la Kiswahili mbele ya mashahidi, ni rahisi atangazwe hana akili timamu na mali ianze kugawanywa angali hai. Aulizwe kwa lugha zake zote, kwa maswali ya ndiyo na hapana, kwa kuonyesha kwa mkono, na zaidi ya siku moja, kabla mtu yeyote hajasema kwa niaba yake.

Panapohitajika mkalimani, kama Nyarugusu, aelezwe kazi yake vizuri. Mkalimani mwema kwa mazoea yake hunyoosha: husikia maneno yaliyopinda, hukisia kilichokusudiwa, na kumletea daktari sentensi safi. Kwa mgonjwa wa afasia wema huo unafuta ugonjwa kwenye karatasi. Atoe maneno kama yalivyotoka, yaliyokatika yakiwa yamekatika, aseme ni lipi la Kibembe na lipi la Kiswahili, na aseme pale ambapo mgonjwa alinyamaza na kwa muda gani.